Pembe Iliyopinda

Nilikuwa nachora kwenye unga kama mtu anayeiba. Donge la tambi likishakandwa ni lazima lilale nusu saa chini ya bakuli kabla ya kusukumwa, na katika nusu saa hiyo nilinyunyiza unga ubaoni, nikachora kwa kidole pembe za kondoo, zile zinazojikunja mara mbili na ambazo ziko kwenye kila zulia la kwetu At-Bashi, huku milimani. Mlango ukilia tu, nafuta kwa kiganja. Nilikuwa na miaka arobaini na minane. Niliona haya mtu kunikuta nachezea unga.

Kwa miaka mingi hapakuwa na wa kuniona. Kisha mama mkwe akapooza upande wa kulia, na baridi ilipoanza tukahamishia kitanda chake jikoni, karibu na jiko, ili apate joto mchana kutwa. Mkono wake wa kulia ulikufa, ulimi ukawa mzito, lakini macho yalibaki mazima. Alinitazama wiki nzima. Siku moja, nimeinua kidole hewani, akasema, "Ya kushoto nyembamba."

"Nini, Mama?"

"Pembe. Ya kushoto. Kondoo wako mgonjwa."

Nilifuta ubao haraka, nikajifanya natafuta chumvi.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mkataji. Watu wa vijiji vitatu walimletea majamvi yao ya sufu, mawili mawili, mekundu na meusi, manene kama kidole. Aliyalaza moja juu ya jingine, akayashikanisha kwa nyuzi, akachora kwa kipande cha sabuni, kisha akapitisha kisu katika yote mawili kwa mara moja. Pembe nyekundu huingia kwenye tundu la jamvi jeusi, pembe nyeusi huingia kwenye tundu la jekundu, na hivyo mazulia mawili huzaliwa pamoja, hakitupwi hata kipande. Nyumbani kwetu yeye alikata, mke wa shemeji yangu mkubwa alishona, na mimi mdogo nilipika. Kwa miaka ishirini na mitano niliwamiminia chai waliokuwa wakishona, nikachungulia juu ya mabega yao nikiwa na birika mkononi. Mtu akiniuliza mbona sishiki sindano, nilisema sina muda. Na kweli sikuwa nao.

Kiangazi cha mwisho kabla ya kupooza, mama mkwe alikuwa ameshindilia majamvi mawili kwa sufu ya kondoo wetu wote. Akayakunja juu ya sanduku ili ayakate wakati wa baridi. Wakati wa baridi ulikuja na kupita, yakabaki pale pale, na kila nilipofuta vumbi niliyainua na kuyarudisha.

Mwezi wa nne shemeji mkubwa alikuja kunywa chai. Jina lake silitaji. Sisi tulioolewa hatuyatamki majina ya wakubwa wa mume. Alieleza kwamba paa la hema la sufu linavuja, na tarehe kumi mwezi wa tano tunapanda malishoni, kwa hiyo siku hiyo atayachukua yale majamvi mawili azibe matundu. Mume wangu Kerimkul alikubali. Alisema jamvi lisilo na mkataji ni sufu tu, na sufu kazi yake kuzuia mvua. Hakusema kwa ubaya. Mama mkwe aligeuza uso ukutani, na chai yake ikapoa.

Walipotoka akaniita. "Kata wewe."

Nilicheka, kisha nikaona hacheki. Nikaanza kumhesabia: nina ng'ombe wanne wa kukamua, nina mkate, nina samadi ya kukausha iwe kuni, nina maji ya kuchota, nina wewe wa kugeuza na kuosha.

"Na sala tano," akaongeza.

"Sala ni faradhi, Mama."

"Mwaka juzi haikuwa faradhi? Ulisema huna muda."

Mama mkwe alikulia enzi za shamba la ushirika, alichunga kondoo wa serikali miaka thelathini, na sala kwake ni mambo ya mazishini. Mimi mwenyewe nilianza nikiwa na miaka arobaini na sita. Darasa la wanawake lilikuwa jioni, Jumanne na Alhamisi, katika chumba cha pembeni mwa msikiti, na nilikaa kwenye dawati la mtoto magoti yakigusa kidevu, nikijifunza alifu pamoja na wasichana ambao mama zao nilicheza nao. Nilikuwa wa mwisho kukariri na wa kwanza kuuliza. Lakini nilijifunza, na tangu hapo mara tano kwa siku nayaacha yote, hata sufuria ikiwa motoni. Ng'ombe hawajafa. Mkate umeungua mara mbili tu.

Mama mkwe alikuwa bado hajamaliza. Ilimchukua muda kuyapanga maneno, na sehemu ya midomo ilikuwa haimtii. "Mara tano kwa siku unaliwekea zulia langu paji la uso," alisema. "Hujawahi kuliona."

Alasiri ile nilipotoa salamu ya kumaliza sala, kulia na kushoto, sikuinuka. Nilibaki nimepiga magoti nikaliangalia zulia ninalosalia, alilolikata mwaka niliozaliwa, mume wangu akiwa darasa la kwanza. Nilitafuta pembe moja nyembamba, moja tu, nijipe moyo. Sikuipata. Zote zilikuwa sawa, na mkunjo wa kila moja ulianza mahali ambapo wa jirani yake uliishia, kama watu wanaopokezana mzigo. Nilipata woga mkubwa kuliko wa kabla ya kuangalia.

Tangu siku hiyo pembe zikaniingilia salani. Nikisujudu naziona, nikifumba macho naziona zaidi. Nilikosa raha kabisa, kwa sababu nilichelewa kuijua sala na sasa nilikuwa naiharibu. Alhamisi nilibaki nyuma baada ya darasa, nikamwambia Ustazi Zuura, mwalimu wetu, ambaye umri wake ni kama wa binti yangu. Nilidhani atanikaripia. Alifunga vitabu vyake kwanza.

"Ukiwa na maziwa motoni, huyawazi salani?"

"Nayawaza."

"Unafanyaje?"

"Namwomba Mungu msamaha, nikimaliza naenda kuyatoa."

"Basi kayatoe," alisema.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeelewa nusu. Nusu nyingine niliielewa kesho yake. Nilikanda donge kabla ya adhuhuri, nikalifunika, nikasali, na nilipomaliza sikuikunja ile nusu saa ya donge na kuiweka kando kama ninavyokunja mtandio wa sala. Nilikaa ubaoni nikachora mlango ukiwa wazi. Kerimkul aliingia, akaona unga, akaona mimi, akauliza kama tambi nazo zinasali siku hizi. Nilimwambia bado zimesujudu, asubiri. Alisubiri. Alikula mkate na malai ya maziwa akiwa amesimama, akatoka.

Tulifanya hivyo wiki mbili, mimi na mama mkwe. Yeye alikuwa mwalimu mbaya. Alisema "nene," "jinga," "hapo umelala," na siku moja aliuliza kama nachora kondoo au konokono. Hakusifu hata mara moja. Ila siku moja nilipofuta aliguna, na nikajua kwamba ile ingefaa kubaki. Usiniulize nilipata wapi muda. Samadi haikukaushwa yote, na mapazia ya sebuleni hayakufuliwa hadi tunapanda malishoni.

Tarehe saba nilishusha tena majamvi kutoka juu ya sanduku. Nilikuwa nimeshayashikanisha jana yake na kuchora kwa sabuni, nikaona mistari imekaa, au karibu. Nilisali rakaa mbili za ziada. Nilimwomba Mungu mkono usitetemeke. Kisha nikapiga magoti jikoni, nikaingiza kisu. Sufu iliyoshindiliwa vizuri haikatiki kama kitambaa. Unaisukuma kwa uzito wa bega, unaisikia ikikubali polepole, na ikishakubali hakuna kurudi nyuma. Pembe ya kwanza ilitoka. Ya pili, ya tatu. Mama mkwe hakusema nene wala jinga. Nilisikia pumzi yake tu.

Nilikuwa kwenye pembe ya tano niliposikia lori. Nilijua ngurumo ile. Theluji ya barabara ya juu ilikuwa imeyeyuka mapema, na shemeji mkubwa alikuwa amekuja siku tatu kabla. Niliwaza: akikuta nimekata nusu atasema nimeharibu, akikuta nimekata zote atakuwa hana la kuchukua. Nikaharakisha. Kisu kikaacha mstari, kikala ndani ya pembe, kikatoka upande usio wake.

Niliweka kisu chini. Pembe ilikuwa imevunjika shingo, kama kondoo aliyegonga mwamba. Sufu ya kiangazi kizima, ya kondoo wote, kazi ya mwisho ya mikono yake, na mimi na haraka yangu. Nilificha uso katika mikono, nikalia kama mtoto, na nje nikasikia mlango wa lori ukifungwa.

"Toa," mama mkwe alisema.

Sikumsikia vizuri.

"Toa nyekundu. Weka kwenye nyeusi."

Nilikata nyuzi, nikainua ile pembe mbovu nyekundu, nikaiweka juu ya tundu la jamvi jeusi. Nilitarajia ipwaye upande mmoja na ibane upande mwingine. Iliingia. Niliisukuma kwa kidole gumba, ikalala sawasawa kabisa, shingo yake iliyovunjika imeketi ndani ya tundu lililovunjika vile vile. Nikachukua nyeusi nikaiweka kwenye nyekundu. Nayo iliingia.

"Kisu kimoja," mama mkwe alisema. "Kikikosea huku, kimekosea na huku."

Miaka ishirini na mitano nilikuwa nimetazama vipande vikiingia mahali pake, na sikuwahi kujiuliza kipande kibaya kinaingia wapi. Nilijifuta pua kwa mkono wa gauni.

Shemeji mkubwa aliinama kupita mlangoni, kofia yake nyeupe mkononi. Aliangalia sakafu muda mrefu. "Batmakan," aliniita, taratibu, "umekata paa langu."

Mimi kwake sipandishi sauti, ni heshima. Nilikiangalia kisu. Mama mkwe ndiye aliyejibu, na sijui alizitoa wapi pumzi za kusema yote hayo kwa mara moja.

"Paa lako kafunike kwa turubai. Lile la lori."

"Turubai litanuka mafuta, Mama."

"Na wewe ulikuwa unanuka nini uchangani? Nilikufunika."

Alicheka pasipo kupenda. Alipiga goti moja, akapapasa pembe ya kwanza, ya pili, akafika kwenye ya tano, kidole kikasimama. "Hii imekuwaje?"

"Imepinda," mama mkwe alisema. "Hata wewe ulizaliwa miguu imepinda. Sikukurudisha."

Shemeji mkubwa aliinuka akijipangusa goti. Hakusema nimefanya vizuri. Aliuliza tu mazulia ni mangapi, kana kwamba hajui, na mama yake akamwambia ni mawili kama siku zote, na moja ni la nyumbani kwake, mkewe ashone. Alivaa kofia, akatoka. Baada ya dakika chache tulimsikia kwenye lori akivuta turubai na kuzilaani kamba zake.

Nilimaliza kukata kabla ya alasiri. Zilizobaki zilitoka vizuri zaidi ya nilivyostahili, isipokuwa moja ambayo ni nene kidogo, na sikuharakisha hata moja. Niliposimama magoti yalikataa kunyooka. Nikakumbuka kwamba donge la tambi lilikuwa chini ya bakuli tangu asubuhi, na kwamba Kerimkul na kaka yake wako nje na njaa.

Nilinyunyiza unga ubaoni. Mama mkwe aliniashiria kwa kidevu, nikadhani anataka chai. Hakutaka. Aliashiria tena, kuelekea kwenye ubao. Nilimkalisha kwa mito, nikausogeza ubao, nikauegemeza mapajani mwake juu ya blanketi. Alitoa mkono wa kushoto, ule ambao maisha yake yote ulikuwa wa kushikilia tu, na akaweka kidole ndani ya unga.

Alichora pole pole sana. Pembe ilipanda, ikatetemeka, ikajikunja mara moja. Kwenye mkunjo wa pili kidole kilimponyoka. Alikirudisha pale kilipoponyoka, akaendelea.

"Nyembamba," nilimwambia.

"Nyamaza," alisema. "Nina mkono mpya."

Kerimkul alisukuma mlango, akauliza tambi ziko wapi. Nilimwonyesha bakuli kwa jicho, nikamwonyesha ubao, nikamwambia bado unatumika, wakate mkate kwanza. Alimwangalia mama yake, akaangalia unga, akafungua mlango tena kumwita kaka yake aje ale mkate. Niliushika ubao kwa mikono miwili usiteleze.