Moyo wa Paskazia Wagoma Mchakamchaka

Kirumba kumekucha. Watu wa kiwanda cha minofu ya sangara wanatoka zamu ya usiku, macho mekundu, mikono inanuka samaki. Badala ya kwenda kulala wanapangwa mstari getini. Tangu mwenzao Shimba aanguke mezani akafa na kisu mkononi, kiwanda kimesema mioyo ya wafanyakazi ni mivivu, dawa yake mchakamchaka. Hukimbii, huna kazi.

Paskazia, aliyekuwa akikata samaki meza moja na Shimba, akainua goti. Hapohapo moyo wake ukashuka kupitia kwenye blauzi, ukakaa juu ya jiwe.

"Mimi siendi."

"Twende bwana, tutafukuzwa."

"Nina saa yangu mimi. Jua likizama natulia, likitoka naamka. Nyie wiki hii usiku, wiki ijayo mchana, mnanivuruga tu. Halafu sijalala, nikimbie? Kakimbie na miguu yako."

Wenzake wakaupita wakiimba. Mmoja wao, Odeta, akaufunika leso, inzi wasiukalie.

Msimamizi, Mutayoba, akainama. "We moyo, nani kakuajiri?"

"Hakuna. Ndiyo maana sikuogopi."

Watu wakaangua kicheko. Mutayoba hakucheka. "Dada, urudishe kifuani au urudi kwenu Usagara."

Paskazia akakumbuka Shimba alipokuwa chini, mtu akasema msogezeni, samaki wanaharibika. Akauokota moyo wake, akaufunga mgongoni kwa kanga, akaenda nao chumbani kwake Mabatini. Wakalala mpaka jioni.

Jioni akarudi kazini, moyo kauacha kitandani.

"Uko wapi?" Mutayoba akauliza.

"Umelala. Mikono hii hapa."

Mutayoba akaikagua mikono, akafungua geti. Mwisho wa wiki, nusu ya zamu walikuwa wanaacha mioyo nyumbani, na minofu haikupungua hata kidogo. Wakubwa wakafurahi. Likabandikwa tangazo: asiye na moyo hachoki, kwa hiyo atafanya kazi usiku moja kwa moja, na zamu itarefushwa.

Paskazia akalisoma lote, akasonya, akageuza kurudi kwake.

Jioni iliyofuata alifika getini kafungwa kanga na jirani, mikono ya blauzi inaning'inia mitupu.

"Na mikono?"

"Imelala, kaka. Nayo ina saa yake."

Mutayoba akatazama foleni ya wanaotafuta kazi, akamwita msichana wa mbele.

"Wewe, mikono unayo?"

"Ninayo, shikamoo."

"Ingia."