Paka wa Kijani Ndani ya Bomba

Jumanne saa nne asubuhi Nabiswa alikuwa ameketi juu ya kigogo uwanjani kwake, mtaani Kware, akikatakata majani ya nepia ya ng'ombe kwa panga, wakati paka wa kijani alipotoka kwenye ukuta wa chekechea akimfukuza panya mwekundu. Walipita katikati ya kuku. Walimzunguka ng'ombe mara tatu. Panya aliingia kwenye banda la mbuzi kupitia upenyo mdogo, na paka, kwa kuwa hakutosha hapo, akapita kwenye mabati yenyewe na kuacha tundu lenye umbo la paka, masikio na mkia vimekatwa vizuri kabisa. Mabati hayo yalikuwa na wiki mbili tu tangu yapigiliwe misumari.

"Sasa na hii tena," Nabiswa alisema, akaendelea kukata nepia.

Alikuwa na shida za kutosha. Uwanja wenyewe ni ploti isiyojengwa, imebanwa kati ya fleti mbili za ghorofa saba, na mwenye ploti, ambaye anaishi mbali, alimruhusu akae hapo na mifugo ili watu wasiigeuze jaa la taka. Humo alifuga kuku, bata wanne, mbuzi wawili na ng'ombe mmoja aliyeitwa Rosi. Rosi alikuwa na mimba ya miezi minane. Mfereji wa uwanjani ulikuwa haujatoa tone kwa wiki ya tano, na ng'ombe mwenye mimba hanywi kwa kikombe.

Paka na panya walikuwa wamechorwa mwezi wa kwanza na fundi Sylvance, kwenye ukuta wa chekechea ya Mwalimu Mourine, upande unaotazama uwanja. Fundi alitumia rangi zilizobaki kwenye kazi nyingine, ndiyo maana paka akawa wa kijani. Kwa miezi minne hawakusogea hata kidogo.

Mwalimu Mourine alifika langoni saa sita, chaki bado mkononi, akamwita kwa jina la bintiye.

"Mama Marion, naomba unirudishie wanyama wangu. Ukuta umebaki mweupe na watoto wanauliza."

"Wachukue, mwalimu. Wako hapo nyuma ya bata."

"Sasa nitawashikaje?"

"Kwani mimi najua? Mimi nilikuwa nakata nepia."

Walisimama wakitazama. Panya alikuwa amelaza reki kwenye nyasi, meno juu. Paka akaikanyaga. Mpini ukamgonga, uso ukawa bapa kama chapati, akautikisa mara mbili ukarudi kuwa wa duara. Mwalimu Mourine aliuliza kama angeweza kuwaleta watoto watazame wakati wa uji. Nabiswa akamwambia hapa ni kwa ng'ombe, si sinema.

Nabiswa akampigia simu fundi Sylvance. "Mathe, mi nilichora tu," alisema. "Hizo mbio wamezianza wenyewe."

Kufikia Jumatano wale wawili walikuwa na ratiba. Walianza saa nne, wakapumzika mchana, wakaendelea hadi watoto walipochukuliwa na wazazi. Jogoo alivutwa shingo ikafika urefu wa fagio, ikarudi. Paka alikimbia kwenye paa la fleti akapitiliza, akabaki amesimama hewani mpaka alipotazama chini, ndipo akaanguka. Mama mmoja wa ghorofa ya tano alishuka na shuka mkononi kulalamika kwamba paka alipitia kwenye nguo zake na ile kijani haitoki. Alilalamika kwa Nabiswa. Kila mtu alilalamika kwa Nabiswa, kwa sababu Kware nzima inaamini kitu chochote chenye mkia ni chake, na jambo hilo lilikuwa linamchosha kuliko paka mwenyewe.

Alhamisi alikuja Khalif, daktari wa mifugo. Alipita juu ya paka, ambaye wakati huo alikuwa amekunjwa kama mkeka na kufungwa kwa mkia wake mwenyewe, akasema huyo si wa idara yake. Akampima Rosi, akavuta ngozi ya shingo na kuiachilia. Haikurudi haraka.

"Huyu anakunywa kiasi gani?"

"Mitungi miwili kwa siku. Ndiyo nguvu yangu."

"Haitoshi, mama. Huyu anakunywa kwa niaba ya wawili. Akiendelea hivi wiki moja, utampoteza ndama, na yeye pia hatabaki. Ama upate maji, ama umuuze akiwa bado anasimama."

Nabiswa alisema amesikia. Alipoondoka daktari, alikaa karibu na Rosi akimfukuzia nzi. Huyo ng'ombe alimnunua akiwa ndama, akamvusha barabara kwa kamba, na maziwa yake ndiyo yaliyomsomesha Marion mpaka akapata kazi ya kushona kwenye kiwanda. Marion mwenyewe, akitoka zamu, alianza kuoga kwa bakuli moja ili maji mengine yaende kwa Rosi.

Mitungi hiyo miwili ilitoka kwa Patrobas, ambaye watu wanamwita Baba Griffins. Patrobas ni keteka, yaani msimamizi, wa fleti ya kushoto, na nyuma ya fleti hiyo ana kioski cha maji chenye tangi jeusi. Ni mtu wa kwao Nabiswa, wa magharibi, mzee wa kanisa moja naye, na ana sauti nene nzuri kwenye kwaya. Mifereji ilipokauka mtaa mzima, yeye ndiye aliyekuwa na maji, na watu walimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Ijumaa saa nne na nusu, panya aliona hana pa kwenda, akaruka akaingia kwenye mdomo wa mfereji wa uwanjani. Paka akajivuta akawa mwembamba kama uzi, akamfuata. Mfereji ukavimba mara mbili. Kisha ardhi ikainuka chini yake, uvimbe mdogo mbele na mkubwa nyuma, ukaanza kutembea.

Nabiswa aliacha panga akaufuata. Hakushangaa, alikuwa anahofia wangeharibu bomba, halafu na hilo angeambiwa alipe yeye. Uvimbe ulipita chini ya lango, ukapita chini ya chekechea ambapo viti vya watoto viliinuka kimoja kimoja na kushuka. Mwalimu Mourine akatoka na darasa lote. Mama wa ghorofa ya tano akateremka. Kila mtu alijua bomba la mtaa linaelekea kulia, kwenye barabara kuu. Uvimbe ulifika kona ukageuka kushoto. Ukapita kando ya fleti, chini ya kamba za nguo, hadi nyuma, ukapanda ukutani kwa ndani, na panya akatokea juu ya tangi jeusi la Baba Griffins akiwa ameloa chapachapa. Paka akafuata, maji yakimwagika kwenye masikio.

Pale ukutani uvimbe ulipopandia, plasta ilikuwa imebanduka. Ndani kulikuwa na bomba la mtaa mzima, koki kubwa, na kufuli. Ufunguo wa kufuli ulikuwa kwenye mnyororo shingoni mwa Baba Griffins. Alikuwa anamjazia mtu mtungi.

Watu walitazama kufuli. Halafu wakatazama ufunguo. Mtoto mmoja wa chekechea alisema, "Maji yetu iko hapa." Mwalimu Mourine alimwambia anyamaze, watu wazima wanaongea, ingawa hakuna mtu mzima aliyekuwa anaongea.

"Hiyo ni laini ya zamani," Baba Griffins alisema, na akafunga mdomo wa mtungi kwa kipande cha gunia. "Asanteni kwa kunionyesha hiyo plasta. Nitaziba."

Ikaamuliwa kufanyike mkutano Jumapili baada ya ibada. Na hapa ndipo watu wa Kware walipofanya kosa ambalo wangelifanya tena kesho. Mkutano unahitaji hema na viti, na mtaani mwenye hema na viti vya plastiki ni mmoja, Baba Griffins. Wakamwomba. Akaleta hema, viti sitini, na kreti nne za soda kutoka mfukoni mwake. Mtu akileta vyote hivyo huwezi kumweka nyuma, ni utovu wa adabu, kwa hiyo wakampa meza ya mbele na daftari.

Akafungua kwa maombi, sala nzuri, ndefu. Akasema ajenda ni moja: paka na panya.

Walizungumza juu ya paka kwa saa mbili. Ni wa nani. Nani alimchora. Kwa nini kijani. Fundi Sylvance alisimamishwa akaomba msamaha kwa jumla. Mama wa ghorofa ya tano alionyesha shuka. Nabiswa aliketi safu ya tatu, soda mkononi imefika nusu, akisikia hasira ikimpanda polepole kutoka miguuni. Tangu utotoni alifundishwa kwamba mtu akikukalisha na kukupa cha kunywa, humwaibishi mbele za watu mpaka urudishe chupa. Kina mama wote pale walifundishwa hivyohivyo. Aliwatazama, na kila mmoja alikuwa anakunywa taratibu.

Akaweka chupa chini. Akainuka, akatoka nje ya hema, akasimama juani kwenye udongo.

"Baba Griffins, maji yetu yako kwako. Tumeyaona sisi wote. Nina ng'ombe anakufa kwa kiu mita hamsini kutoka kwa tangi lako. Fungua hiyo koki."

Wanawake wawili waliinamisha vichwa, si kwa sababu alisema uongo.

"Mama Marion," Baba Griffins alisema kwa upole, "jambo lako ni la maana. Liko kwenye mengineyo, mwishoni. Keti kwanza, soda yako inapoteza nguvu."

Walipofika kwenye mengineyo, panya alipita katikati ya meza, paka akapita kwenye hema na kutoa tundu la paka upande huu na jingine upande ule, na daftari likaruka. Mkutano ukafungwa kwa sala. Maazimio yalisomwa haraka: plasta izibwe, na wazazi wawakataze watoto kukanyaga uvimbe ukiwa unapita.

Jumatatu Nabiswa alimwendea fundi Sylvance. Alimwambia kama aliweza kuchora paka akashuka, achore na maji. Fundi akaona hilo lina akili. Akachora birika refu la kunyweshea mifugo, la buluu, kwenye ukuta ule mweupe, na kwa sababu alijisikia na hatia, akaongeza viwimbi. Kufikia jioni birika lilikuwa limeshuka chini na limejaa. Bata waliingia wakaogelea. Paka akazama humo akafikiria kwa muda, mapovu yakitoka. Rosi akainamisha kichwa akanywa na kunywa, akainua mdomo ukiwa wa buluu hadi puani, akaendelea kutazama ndoo tupu. Maji yale yalikuwa ya kuonekana tu.

Jumatano Rosi alilala, na kumwinua kulihitaji watu watano.

"Mathe, wacha tumuuze," Marion alisema. Alikuwa bado amevaa aproni ya kiwandani. "Akilala tena hatuamki naye."

"Amebakisha wiki tatu azae."

"Najua, mathe."

Nabiswa alimpigia Amolo, ambaye ana bucha Soko la Burma. Amolo alikuja Alhamisi na pikapu, mtu mstaarabu, akavua kofia langoni. Akamzunguka Rosi akimpapasa mbavu, akapitisha mkono tumboni na kuuacha hapo kidogo.

"Kuna mtu ndani," alisema.

"Yuko."

"Mimi nahesabu nyama, mama. Huyo wa ndani sina namna ya kumhesabu."

"Najua."

Walimpandisha kwa ubao. Paka na panya walipita chini ya pikapu, wakatoka upande wa pili wakiwa wamebadilishana, panya akimfukuza paka, kisha wakakumbuka wakageuka. Pikapu ikaondoka. Nabiswa alilia akiwa amesimama, hakujificha, na Mwalimu Mourine alifunga dirisha la chekechea ili watoto wasione.

Wiki iliyofuata mtaa ulikuwa umezoea. Uvimbe ulipita chini ya chekechea saa nne na nusu na saa tisa, na Mwalimu Mourine aliutumia badala ya kengele. Watu walijifunza kuinua mguu bila kuangalia chini. Plasta ilizibwa na kupakwa rangi. Uvimbe ulipofika kona uligeuka kushoto kila siku, na kila mtu aliuona ukigeuka.

Jumamosi Nabiswa alipeleka mtungi kioskini, kwa ajili ya mbuzi. Palikuwa na foleni. Baba Griffins alipomwona, akawaomba waliokuwa mbele wampishe.

"Pole kwa ng'ombe, Mama Marion. Kanisa zima linakuombea." Akachukua mtungi akaujaza mwenyewe, hadi juu kabisa, akaukausha kwa kitambaa. Nabiswa alipotoa pochi, yeye akamsukuma mkono taratibu. "Hapana. Leo hapana. Una msiba."

Watu wote kwenye foleni walikuwa wanamtazama. Mpira wa maji ulitikisika paka alipokuwa anapita ndani yake, na Baba Griffins akaukanyaga ili usirushe matone.

"Asante, Baba Griffins," Nabiswa alisema. "Mungu akubariki."

Akainua mtungi kichwani akarudi uwanjani.