Sikio la Lori

Felista alinikabidhi ile picha dukani kwangu Karatu, mbele ya wateja wawili waliokuja kutoa kopi za vyeti. Alitoka Mbulu. Baba yake, marehemu Patrisi, alipigana vita vya Kagera, na baada ya matanga watoto walipopanga karatasi zake waliikuta ndani ya kitabu cha sala. Nyuma iliandikwa kwa penseli: Clemensi wa Buger. Felista akaulizia parokiani, wakamwelekeza kwangu, kwa sababu Clemensi wa Buger ni baba yangu.

Sijawahi kumwona. Niliwatoa wale wateja, nikafunga mlango, nikamtazama pale pichani. Kijana mwembamba, kavaa kombati, amekaa juu ya madigadi ya lori kubwa la kijeshi, miguu inaning'inia, anacheka mpaka ufizi unaonekana. Mimi nina miaka arobaini na sita. Yeye pale hajafika thelathini. Ufizi ule ni wangu kabisa.

Nilizaliwa kijijini Buger tarehe mbili Februari, mwaka sabini na tisa. Wiki hiyo mama yangu, Hyasinta, alimwita katekista amwandikie barua ya kumpasha baba habari. Kabla haijafika posta, jirani yetu Julius akarudishwa kutoka vitani akiwa na mguu mmoja, akasema Clemensi ameanguka Mutukula, mwezi wa kwanza, siku walipovuka mpaka. Mama akaitia barua sandukuni. Karatasi ya serikali ilipokuja baadaye hakutaka hata isomwe; aliitia humo humo, na mchwa wakazimaliza zote mbili. Mama naye amekwenda, mwaka wa sita sasa.

Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba nilipofika duniani mimi, baba alikuwa ameshaondoka. Mayatima wenzangu walikuwa na siku moja ya kubebwa, hata kama hawaikumbuki. Mimi sina. Nilichokitamani maisha yangu yote ni kidogo mpaka naona haya kukisema: nilitaka iwepo siku, hata moja, ambayo mimi na baba sote tulikuwa hai.

Picha haikuwa na tarehe. Kulikuwa na lori tu.

Nikaiskani, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa magari ya zamani. Nusu yao ni madereva wa watalii, nusu wastaafu wasio na kazi. Penye wengi pana mengi. Mmoja akasema Bedford. Bedford gani yenye pua ile? Mwingine akasema Zil, akatuma na picha ya Zil ambayo haikufanana nalo hata kidogo. Mwalimu mmoja mstaafu akahesabu ekseli, akakuza taa na grili, akasema ni Ural, lori la Kirusi. Lakini Ural ya nani? Ikiwa yetu, picha ingeweza kupigwa wakati wowote, hata kabla ya Mutukula. Ikiwa ya kutekwa, ilitekwa wapi na lini? Walibishana siku tatu. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba ukingo wa madigadi ulikuwa umenyofolewa na kipande cha bomu. Subira huvuta heri, wanasema, ila mimi sikuumbiwa subira. Nikawatolea maneno mawili matatu, nikatoka kundini.

Niliipeleka kwa Meitamei, fundi anayetengeneza springi za magari ya watalii. Wanamsifu kwamba gari likiingia getini kwake anajua nani aliligusa kabla yake. Alitoka chini ya gari, akafuta mikono, akaikuza picha kwenye simu yangu kwa vidole viwili.

"Dada Germana, nani amekwambia hili ni bomu?"

"Wataalamu."

"Wataalamu hawajachunga." Akaniwekea kucha kwenye ukingo wa madigadi. "Bomu linararua, linakunja bati. Hapa mtu amekata kwa tindo. Nusu mwezi kwa mbele, halafu mpasuo kwenye ncha. Hii ni alama ya sikio."

"Sikio la nini?"

"La ng'ombe! Kila ukoo una mkato wake. Huu ni wa kina mzee Sitonik, kule Nainokanoka. Ng'ombe wao walikuwa wanakunywa maji pamoja na wa baba yangu, nimeutazama mkato huu utoto wangu wote. Na mzee mwenyewe alikwenda vitani."

Nilikaa juu ya tairi bila kukaribishwa.

Jumamosi tukapita lango la Ngorongoro, tukapanda kwenye ukungu, Meitamei akiendesha na kunitania kwamba nimevaa nguo za harusini kwenda kuuliza habari za lori. Ni kweli nilivaa vizuri. Njiani nilimwomba asimwambie mzee mimi ni nani. Watu wakijua wewe ni yatima wanakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nilitaka ukweli mtupu.

Sitonik alikuwa ameketi nje ya boma, kajifunga blanketi mbili. Macho yalikuwa yameingia ukungu kama ule wa mlimani, lakini nilipomwamkia shikamoo alijibu kwa sauti ya gwaride. Aliisogeza picha mpaka ikakaribia kugusa pua. Halafu akacheka.

"Ng'ombe wangu!"

"Ulimpata wapi, mzee?" nikauliza.

"Lukaya, ndani ya Uganda. Mwezi wa tatu. Tulipigana usiku kucha, tarehe kumi kuamkia kumi na moja, asubuhi malori ya adui yamesimama barabarani hayana mwenyewe. Mimi dereva, nikachukua hili. Lakini wenzetu wa kikosi kingine walikuwa wanalitolea macho. Ng'ombe ukimteka unamkata sikio siku ile ile, kesho mtu asije akasema ni wake. Nikatafuta tindo. Vijana walicheka! Huyu ndiye aliyecheka kuliko wote, akapanda juu, mwenzake Patrisi akampiga picha."

Mwezi wa tatu. Nilikuwa na siku thelathini na saba pale baba alipokuwa akicheka hivi. Nilitaka kupiga kelele ya furaha.

"Lakini tulisikia Clemensi alifia Mutukula," nikasema.

"Yule alikuwa Clemensi wa Songea. Walikuwa wawili. Huyu wa Buger tulimzika karibu na Mpigi, mwisho wa mwezi ule ule. Mimi ndiye niliyembeba." Akajipangusa pua kwa ncha ya blanketi. "Alikuwa msumbufu! Gari la barua likija, yeye wa kwanza. Aliacha mke mjamzito. Kila siku ananiuliza, Sitonik, unafikiri ameshajifungua? Ninamwambia, ameshajifungua zamani, tulia. Basi unafikiri ni wa kiume au wa kike? Mimi nitajuaje? Barua haikuja. Wengine wote walipata, hata mimi ambaye kwetu hakuna aliyejua kuandika. Yeye hapana. Siku ile Mpigi, asubuhi yake, aliniuliza tena."

Furaha ile ikanigeukia kifuani. Barua ilikuwa Buger, sandukuni, na aliyeificha aliificha kwa kumlilia. Sikuweza kumkasirikia mama, na Julius naye alisema alichosikia akiwa juu ya machela. Hasira ninazo nyingi, ninazijua, lakini siku ile nilizitafuta nisizione. Nililia mbele ya mzee wa watu kama mtoto mdogo.

Sitonik akageuza uso kunielekea.

"Mama, wewe ni nani kwake?"

"Ni mimi, mzee. Ndimi huyo mtoto."

Alinyoosha mkono, akaupapasa uso wangu, paji, mashavu, akashika na hereni. Kisha akaichukua tena ile picha, akaishika kwa mikono miwili na kuisogeza karibu na macho.

"Clemensi," akamwambia, "ni wa kike."