Kengele ya Gloire

Tangu asubuhi Mechack Badibanga alikuwa akigombana na simu yake, na simu ndiyo iliyokuwa ikishinda. Ukiigusa, inafikiri. Ukiigusa tena, inazima kioo, inawaka upya, kisha inakuandikia kwa Kifaransa kwamba inapanga programu zake, subiri kidogo. Mfukoni ilikuwa ya moto kama kiazi kilichotolewa majivuni, na chaji iliyotoka nyumbani imejaa ilikuwa imebaki asilimia thelathini na moja kabla simu haijafanya kazi yoyote ya maana.

Kisa chote kilikuwa sasisho. Jana jioni, kwenye kibanda cha wifi cha Musonoi, hapa Kolwezi, simu iliomba ruhusa ya kuweka toleo jipya la mfumo, na Mechack, mtu asiyepitwa na kipya, akairuhusu. Leo asubuhi, akinywa chai huku amesimama, ikaanza kumuuliza maswali chungu nzima: lugha gani, uko wapi, unakubali hiki, unakubali kile. Kila swali lilichukua karibu dakika nzima kufunguka. Akabonyeza « Suivant », akabonyeza « Suivant » tena na tena, endelea, endelea, bila kusoma, kama tufanyavyo sote, akatoka mbio.

Tungemcheka tu na kumwacha, kama simu ile isingekuwa imebeba roho za watu watatu.

Mechack alikuwa mlinzi wa kamba. Tangu goti lake livunjike miaka miwili iliyopita hakushuka tena shimoni. Alikaa juu, mdomoni mwa shimo, akivuta magunia ya mawe ya shaba na kobalti na kutunza saa. Chini, mita ishirini na tano, walikuwa mdogo wake Gloire na wenzake wawili, Stéphane na Dodo. Na kutunza saa mahali pale si mchezo. Nyuma ya kilima cha kifusi kuna shimo kubwa la kampuni, na kila Jumanne na Ijumaa, saa saba kamili mchana, kampuni hulipua miamba kwa baruti. Ardhi hutikisika hadi vikombe vigongane kwenye kabati za nyumba za cité, kule mtaani. Shimo lililochimbwa kwa mkono, lisilo na nguzo hata moja, haliwezi kushindana na mtikisiko wa namna ile. King'ora kipo, lakini kimeelekezwa mjini. Upande huu wa kifusi unakisikia siku upepo ukipenda.

Kwa hiyo walijiwekea utaratibu wao. Saa sita na robo Mechack anavuta kamba mara tatu, makopo yaliyofungwa chini yanalia, wote wanapanda. Saa sita na nusu Mama Jémima anawaletea bukari, yaani ugali, na samaki. Wanakula, mlipuko unapita, wanarudi kazini. Ili asisahau, Mechack aliweka kengele kwenye simu, na sauti ya kengele hiyo ilikuwa ya Gloire mwenyewe, aliyoirekodi kwa mzaha wiki iliyopita: "Yaya Mechack, tutoshe! Saa inafika! Yaya, tutoshe!" Yaya ni kaka, na kutosha, kwetu, ni kutoa. Halafu kicheko chake, kile cha kukatika katika. Kila ilipolia, Mechack naye alicheka.

Leo ilikuwa Ijumaa, mwezi wa kumi, jua kali na mvua bado zikisuasua. Simu ilionyesha saa tano na dakika thelathini na tatu Mama Jémima Mpoyi alipotokea kwenye njia, sufuria kichwani. Alisimama pale alipozoea kusimama, hatua ishirini kutoka shimoni. Mwanamke hakaribii mdomo wa shimo. Wachimbaji wanasema madini humkimbia. Mama Jémima aliuza chakula mahali hapo kwa miaka minne na hakuwahi kuliona shimo lenyewe.

"Mama Jémima!" Mechack alimtania. "Leo unakuya mbele ya saa! Ni njaa ya nani?"

"Mbele ya saa wapi? Mi nilichelewa." Aliitua sufuria, akatazama huku na huku. "Batoto bako wapi?"

"Bangali mu shimo. Saa ya kubatosha haiyafika bado."

Mama Jémima hakucheka. "Mechack, usinicheze. Leo ni vendredi." Alifungua fundo la kitenge, akatoa simu yake ndogo ya vibonye, ile yenye tochi kichwani, akaiinua juu. "Ni midi trente-quatre." Saa sita na dakika thelathini na nne, kwa Kifaransa.

Mechack alicheka kwa ajili ya wote wawili. "Ile simu yako ya bouton, mama, saa yake nani anaiwekaka? Yangu inapewa na réseau. Jana tu ilifanya mise à jour."

Akaitazama yake, inayopewa saa na mtandao na yenye sasisho la jana, kwa fahari. Saa tano na dakika thelathini na nne. Lakini alipoinamisha macho kuisoma, aliona na kivuli chake mwenyewe, kimejikusanya chote chini ya viatu. Na tumbo lake, ambalo halijawahi kufanyiwa sasisho lolote, lilikuwa likinguruma tangu muda mrefu. Vitu hivyo viwili alikuwa ameviona mapema, akavipuuza, kwa sababu kioo kilisema vingine.

"Yako inasema dakika ngapi?" Mama Jémima aliuliza.

"Trente-quatre."

"Na yangu trente-quatre. Simu inaweza kupotea saa nzima, na dakika haipotee?" Alianza kuhesabu kwa vidole. "Kila dimanche kisha misa mi naita ku simu dada yangu Mbelu kule Kinshasa. Huku ni midi, yee ananiambia kule ni onze heures. Mechack, angalia vizuri. Ile saa yako ni ya wapi?"

Kila mtoto wa Lualaba, mkoa wetu, anajua kwamba nchi yetu ina saa mbili, ya Kinshasa na ya Lubumbashi, na kwamba Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa nzima: huku saa sita, kule saa tano. Mechack alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Alibonyeza alama ya saa. Simu ikafikiri. Akabonyeza tena, kwa nguvu, na kioo kikawa cheusi, kikawaka, kikaanza kuhesabu programu zake moja moja huku jasho likimtiririka Mechack mpaka kidevuni. Ilipomaliza kuhesabu, uso wa saa ulijitokeza. Chini ya tarakimu kulikuwa na neno moja dogo, ambalo asubuhi alikuwa amelikubali kwa kidole gumba bila kulisoma.

*Kinshasa.*

Simu ilikuwa Kinshasa, na Gloire alikuwa Kolwezi, chini ya ardhi, dakika ishirini na mbili kabla ya baruti.

Alirukia kamba, akavuta mara tatu. Huwa wanajibu kwa kuvuta mara moja. Hakuna aliyejibu. Akavuta tena, makopo yakalia huko chini, aliyasikia mwenyewe, na nyuma ya mlio wao akasikia nyundo. Asubuhi Gloire alikuwa amemwambia kwamba mshipa wa madini umenenepa, leo wote watatu wataingia ndani kwenye njia ya pembeni, na Mechack akasema sawa, mradi kengele ipo. Nyundo tatu zilikuwa zikipiga kwa pamoja ndani ya mwamba. Angepiga kelele mpaka koo lipasuke, wasingemsikia.

"Mama, kuya hapa!"

"Mi? Ku shimo?"

"Kuya, mama! Ikala juu ya huu muti, usiuachie!"

Kamba ilikuwa imefungwa kwenye mti uliolazwa juu ya mdomo wa shimo, na mti ule ulikuwa na tabia ya kuserereka mtu akiielemea kamba. Mama Jémima alizitazama zile hatua ishirini kwa pumzi moja tu. Kisha akazivuka mbio, akakaa juu ya mti kwa uzito wake wote, na hakuangalia chini.

"Unipigie dakika kwa sauti," Mechack alisema, naye akashuka.

Aliwasha tochi ya simu. Ilimulika matobo mawili ya kukanyagia, kioo kikaganda, taa ikazimika. Aliitupia tusi ambalo hatuliandiki hapa, akaisukuma mfukoni, akaendelea kwa kupapasa. Mikono yake ilikumbuka matobo yote. Goti halikukumbuka kitu. Kila alipolikunja lilimchoma hadi kwenye nyonga, na alikuwa akiogopa, tuseme wazi, alikuwa akiogopa kama mtoto. Tangu siku ile ya goti alikuwa ameapa kwamba shimo halitamwona tena.

"Quarante-trois!" sauti ya Mama Jémima ilishuka kutoka juu. Arobaini na tatu; zilibaki dakika kumi na saba.

Alifika chini, akaingia kwenye njia ya pembeni kwa magoti na viganja. Mbele aliona taa tatu za kichwani zikicheza kwenye vumbi.

"Gloire! Tutoke! Baruti!"

Nyundo zilinyamaza. Gloire aligeuka, meno meupe usoni penye vumbi. "Yaya? Unafanya nini huku? Ile kengele yangu ililia?"

"Haikulia. Saa ilikuwa mubaya. Tutoke, Gloire, tutoke!"

"Tumalize kwanza hii sac moya tu..."

Mechack alimkamata ukosi wa shati. Hakuwahi kumpiga mdogo wake tangu baba yao afariki, na hapo alikuwa karibu kumpiga. "Batalipua mu dakika kumi na tano, unasikia? Ni mi nilikosa! Panda!"

Wakaacha gunia, wakaacha nyundo. Stéphane alipanda wa kwanza, Dodo akamfuata miguuni. Gloire alimsukuma kaka yake mbele.

"Pita weye," Mechack alisema. "Mi nitakuchelewesha."

"Ukianguka, nani atakushika? Panda, yaya."

"Cinquante et un!" Hamsini na moja.

Wakapanda, Mechack juu, Gloire chini yake, bega la Gloire likibeba ule mguu mbovu kutoka tobo hadi tobo. Mchanga ulimwagika usoni mwao. Katikati ya njia goti lilikataa kabisa. Mechack alining'inia kwenye kamba, na juu alisikia mti ukilalamika, na Mama Jémima akiuombea kwa Kiluba, haraka haraka, bila kuvuta pumzi.

"Cinquante-cinq! Mechack! Cinquante-cinq!" Zilibaki dakika tano.

"Pita, Gloire. Nakuomba."

"Nyamaza, upande."

Gloire aliweka kichwa chini ya makalio ya kaka yake na kumsukuma kama anavyosukumwa gunia. Tobo moja. Jingine. Mechack aliona mbingu, akaona mikono ya Dodo na Stéphane, akavutwa kwapani na kutupwa juu ya udongo. Akageuka hapo hapo, kwa tumbo, akanyoosha mkono ndani ya shimo, akaushika wa Gloire.

"Cinquante-neuf," alisema Mama Jémima. Ilibaki dakika moja. Hakuwa tena na sauti ya kupiga kelele.

Walikimbia, kama kule kuburutana kunaweza kuitwa kukimbia, mpaka pale kwenye hatua ishirini ilipokaa sufuria. Kisha ardhi ikapiga. Mlio ulikuja baadaye. Kwanza lilikuwa pigo chini ya nyayo, halafu jingine, halafu mengi pamoja. Sufuria ilipinduka. Ule mti aliokuwa amekalia Mama Jémima uliinama polepole, ukazama, na kamba ikaufuata kwa kasi. Shimo lilitema vumbi jekundu juu sana, na lilipotulia hapakuwa na mdomo tena, ila bonde dogo la udongo mbichi.

Dodo alitapika. Mama Jémima aliokota samaki mmoja mmoja mchangani, akamfuta kila mmoja kwa ncha ya kitenge, akamrudisha kwenye sufuria, ingawa ilikuwa wazi kwamba hakuna atakayekula. Stéphane alimtazama, akatazama pale palipokuwa shimo, akamtazama tena. Huyu ndiye aliyekuwa akimfukuza mama yule kila alipojisahau na kuvuka mpaka. Alipiga magoti, akaanza kumsaidia kuokota.

Mechack alitaka kumwambia mdogo wake kila kitu: sasisho, chai, kidole gumba, neno dogo chini ya saa. Gloire alikuwa amekaa kando yake, amekumbatia magoti, akilitazama lile bonde kana kwamba linataka kumwambia jambo. Hivyo zikapita dakika kumi, na nyingine tano.

Ndipo mfuko wa Mechack ulipopaza sauti.

"Yaya Mechack, tutoshe! Saa inafika! Yaya, tutoshe!"

Wote waliruka. Halafu kikaja kile kicheko cha kukatika katika, halafu sauti ikaanza tena. Mechack aliitoa simu kwa mikono miwili. Kioo kilionyesha saa sita na robo, chaji asilimia mbili. Alibonyeza pa kuzimia. Simu ikafikiri. Alibonyeza tena, akasugua kwa dole gumba lenye tope, akabonyeza vitufe vya pembeni, na kioo kilikuwa kimeganda kabisa, kimya na kimeridhika, huku mdogo wake akiomba kutolewa ndani yake.

"Yaya, tutoshe!"

Mechack aliiinua ili aipigize jiwe. Mkono wa Gloire ulimzuia. Gloire alikuwa akilia, na hakujificha.

"Acha," alisema. "Acha ilie, yaya. Tuisikie mpaka mwisho."

Wakaisikiliza, wote watano, mpaka chaji ilipoisha.