Simama Watu Wakuone

Fundi cherehani alijibanza benchi la nyuma kabisa kanisani, kitambaa amekishusha hadi kwenye nyusi, bintiye wa miaka minne amelala mapajani na homa ya siku ya tatu. Tangu wahamie mtaa huu, miezi miwili sasa, hakai mahali asipouona mlango. Mumewe aliapa atamsaka mpaka ampate, na yule bwana, kwa mabaya, hajawahi kuvunja ahadi.

Mama mwenyekiti wa Kamati ya Huruma akaja na mfuko wa unga na sabuni, na juu yake barua ya kutibiwa bure zahanati ya kanisa, leo hii hii. Barua ndiyo iliyomtoa fundi mafichoni.

"Mwanangu, zamu yako kusimama mbele."

"Mama, nilikueleza. Nikionekana kwenye simu za watu ataniona. Ana marafiki kila kona."

"Kila anayepokea husimama. Wafadhili wako mbali, wanataka kuona msaada wao umemfikia nani."

"Basi nipe barua tu. Mfuko mpeni mwingine."

Mama mwenyekiti akaguna. Hakuwa na roho mbaya, hapana. Alikuwa mtu wa utaratibu, na hao, jamani, bora ukutane na mwenye hasira. "Hofu hiyo ni ya shetani. Mtoto anaungua, na wewe unachagua?"

Hapo akawa amempata. Mtoto alikuwa wa moto kama pasi. Fundi akamweka begani, akaenda mbele huku akishika migongo ya mabenchi. Kamera ya kurusha ibada moja kwa moja mtandaoni ilikuwa imefungwa kwenye nguzo, ikimtazama. Akainamisha kichwa. Mchungaji akamwinua kidevu kwa vidole viwili, taratibu, kama baba.

"Inua uso, binti. Usifiche shukrani."

Makofi yakapigwa. Mama mwenyekiti akachukua kipaza sauti. "Dada yetu ni mgeni, tusimwache mpweke. Anakaa nyuma ya mashine ya kusaga, nyumba ya tatu, mlango wa bluu. Tukamtembelee."

"Mama, basi, nakuomba," fundi alisema. Hakuna aliyemsikia, kwaya ilishaanza.

Ibada ilipokwisha, alikuwa wa kwanza kutoka. Mama mwenyekiti akamfuata hadi getini, simu mkononi, uso umejaa furaha.

"Unaona baraka hizo? Kuna kaka ameshakuona, ameandika yuko njiani kukutembelea. Ameuliza kama mtoto uko naye. Nimemwambia uko naye, tena anaumwa."

Fundi akageuka kuitazama barabara, kushoto na kulia.

"Usihofu, hamtapishana," mama mwenyekiti alisema, akimfunika mtoto vizuri begani. "Nimemwambia asipowakuta nyumbani, apitie zahanati."