Harusi Saba za Sitara

Mwaka wa hamsini na sita, Sitara, mjane muuza vitumbua wa Kariakoo, aliolewa Jumamosi sita mfululizo, na kila Jumapili aliamka peke yake.

Usicheke kwanza. Ofisi ya mji ilikuwa imetoa amri ya kuwafukuza wanawake wauza vyakula mbele ya soko, na chini ya amri ikaandikwa kwamba wote wameulizwa na hakuna aliyepinga. Wameulizwa na nani? Mtu wa ofisi pekee aliyewahi kumjia Sitara alikula vitumbua vitatu akaenda zake.

"Hapo ndipo walipojikwaa," alisema Melkiori, Mchaga aliyekuwa karani wa wakili mmoja kule Posta. "Sheria inasema lazima muulizwe. Dada Sitara, niletee alama za dole gumba mia mbili za wanawake wasioulizwa, na wakili ataifikisha amri hii mahakamani."

Madole yalikuwepo, pa kuyakusanyia hapakuwepo. Waliomba kibali cha mkutano mara tatu, wakanyimwa mara tatu. Harusi, lakini, haikuhitaji kibali. Basi kila Jumamosi alasiri, Mtaa wa Sikukuu, uani kwa kaka yake Bushiri, Sitara alikaa mkekani kajitanda shela, karatasi kaificha mapajani, kidau cha wino pembeni. Wanawake walipanga foleni kumpongeza bibi harusi, wakachovya, wakabonyeza, wakatoka na dole jeusi tii. Aliyeuliza aliambiwa ni piko, rangi ya kujipambia harusini.

Taabu ilikuwa Shomari. Fundi cherehani huyu alikuwa amemposa Sitara tangu Mfungo Mosi, naye Sitara alimpenda, tena alimpenda hadi vitumbua vikamwungulia. Lakini siri ikiingia sikioni mwa Shomari asubuhi, adhuhuri imeshafika Jangwani. Kwa hiyo hakumwambia kitu, na roho ikamuuma. Maskini Shomari, kila aliposikia vigelegele na jina la mchumba wake, alishona mkono wa kanzu pale pa shingo.

Jumamosi ya saba, zikiwa zimebaki alama nne tu, Koplo Benjamini wa polisi akaingia uani.

"Pilau ya harusi hii nimeshaila mara mbili," alisema. "Leo namtaka bwana harusi. Kama hayupo, huu ni mkutano, na bibi harusi ainuke nione anachoficha."

Vigelegele vikakatika. Sitara akahisi karatasi ikilowa jasho. Mara mlango ukasukumwa: Shomari, utepe wa kupimia shingoni, macho mekundu, kaja kumwona mwanamume aliyempokonya mchumba. Akatazama huku na huku. Hakuona mwanamume. Aliona shela, wino na madole meusi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akafikiri kabla ya kusema.

"Nimechelewa, afande. Bwana harusi ni mimi."

"Basi fungeni ndoa, nami nishuhudie."

Mwalimu wa madrasa ya jirani akaletwa mbiombio. Bushiri, walii wa kumwoza dada yake, alisharidhia kabla swali halijaisha. Mwalimu akamwinamia Sitara.

"Sitara, unaposwa na Shomari. Unamkubali? Na mahari yako nini?"

Ua mzima ukamgeukia. Sitara alikuwa ameibeba hasira yake miezi mitatu bila chozi, na sasa lilimtoka.

"Hili nimeulizwa," akasema. "Namkubali. Mahari yangu, afunge mdomo hadi nitakapomwambia aseme."

Mwalimu akanung'unika kwamba mahari ya namna hiyo hajapata kuisikia, wakaongeza doti ya kanga. Kisha wanawake wanne wa mwisho wakapita kumpongeza bibi harusi, mmoja mmoja, mbele ya koplo aliyekuwa akisubiri pilau.

Kesi ilichukua wiki tisa, na wiki tisa Shomari alishona bila kutoa siri. Siku hakimu alipoifuta amri, Sitara alimgeukia mumewe pale barazani pa mahakama.

"Haya, mume wangu, mahari imetimia. Sema."

Shomari akafumbua mdomo, akaishia kulia. Lakini kufika jioni, Jangwani nzima walikuwa wameshapata habari.