Mtungi wa Salamu

Kabla ya adhana, kata ilikwaruza kitako cha mtungi. Mwanasha akajua maji yamekwisha. Akaukausha mtungi ndani kwa kipande cha kanga, kwa kuwa siku hiyo ulikuwa wa kubebea maneno ya kijiji hadi kwa mbunge.

Tangu operesheni ya vijiji iwahamishie kijiji kipya, tarafa ya Ulaya wilayani Kilosa, walikunywa maji ya mfereji wa shamba la mkonge lililoachwa. Waliahidiwa kisima. Sasa Agnesi, binti mdogo wa jirani yake Verdiana, alikuwa anaharisha, macho yameingia ndani. Mwanasha alimwinamishia mtungi yeye kwanza, mgonjwa asichoshwe na kungoja.

"Tunaomba kisima," mtoto akasema humo ndani.

Kisha wazee wakatia salamu zao, maana hakuna anayefika kwa mbunge bila kusalimu. Neno la kwanza hulala chini. Hilo Mwanasha hakulifikiria. Akafunika, akapanda basi la Kilosa. Utingo aliupakata mtungi njia nzima, usigongwe.

Mbunge, Ndugu Anselmi, alikuwa kijana aliyelelewa vizuri. Alimpa Mwanasha shikamoo, akampisha kiti chake, akaagiza chai. Mtungi ulipofunuliwa, sauti ya juu ikatoka.

"Hujambo, mwanangu? Ni mimi, Mwinshehe."

"Sijambo. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama yako ameamkaje? Mahindi yameshika?"

Mbunge akajibu yote. Ikafuata sauti ya mzee Paulo, kisha ya Bi Mwanakheri, aliyeuliza hata magoti ya bibi yake mbunge. Hakumkatisha hata mmoja.

"Kuna jambo huko chini, mwanangu," Mwanasha akasema.

"Wazee kwanza, mama."

Salamu ya mwisho ilipotoka, jua lilikuwa limegeuka. Nje Landrova ikapiga honi; mkutano ulimngoja Mikumi. Mbunge akaufunika mtungi kwa mikono yake mwenyewe.

"Wasalimu sana. Kijiji chenu kina adabu."

Mwanasha alirudi kesho yake. Kwa Verdiana alikuta watu wamekaa mkekani. Walikuwa wameshazika.

Akaketi kando ya mama mtu, akafunua mtungi kidogo.

"Tunaomba kisima," akasema Agnesi.

Verdiana akasikiliza, sikio kwenye mdomo wa mtungi. Mwanasha akafunika taratibu, sauti isitoke yote. Uani wanawake walichukua madebe, wakashuka mferejini kutafuta maji ya chai ya wafiwa.

"Kesho uje tena, mama," Verdiana akasema. "Uje naye."